Poda Juu ya Mafuta

Tangu Mama apooze miguu, aliuguzwa na wanawake wawili waliooneana wivu kupita kiasi. Asubuhi aliogeshwa na mke wa mwanawe. Jioni alikuja binti yake, fundi cherehani.

"Wifi, leo umempaka nini mama yangu?" binti aliuliza huku akinusa.

"Mafuta. Ngozi ilikuwa kavu."

"Kavu wapi? Mama anapenda poda."

Akamimina poda chini ya matiti na kwenye mikunjo ya tumbo, maana Mama alikuwa mnene. Kesho yake mkwe akaiona poda ile, roho ikamuuma. Akaongeza mafuta. Ikawa hivyo kila siku, hakuna aliyekubali kushindwa.

Jioni moja Mama alikataa kuguswa.

"Umemfanya nini?" binti akamfokea wifi yake.

"Mimi? Si hizo poda zako!"

Kelele zikamleta jirani, muuguzi wa zahanati. Alimwomba Mama ruhusa, akainua titi. Ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka, inanuka. Poda na mafuta vilikuwa vimegandana.

"Mama, mbona hukusema?" binti alilia.

"Ningesema, mngetafutana makosa. Nimechoka kugombaniwa."

Wote wawili waliona aibu.

"Hapa ngozi inabanana na ngozi," muuguzi alieleza. "Jasho halikauki, fangasi wanaota. Acheni poda na mafuta. Mwosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, msuuze. Kausheni kwa kubonyeza taratibu kwa taulo laini. Msisugue! Kisha wekeni kitambaa safi cha pamba kwenye mkunjo. Kikilowa, badilisheni. Na kesho mleteni zahanati apate dawa, apimwe na sukari."

"Sasa nani atamkausha?" waliuliza kwa pamoja.

Muuguzi akacheka. "Jamani! Tumbo hili halikaushwi na mtu mmoja. Mmoja ainue, mwingine akaushe."

Binti akashona vitambaa, mkwe akavifua na kuvianika juani. Mwanzoni walifanya kazi bila kutazamana. Dawa ya kupaka ilitumika kama walivyoelekezwa. Wekundu ukafifia, harufu ikaisha, na Mama akaanza kulala vizuri.

Siku moja binti alichelewa. Alikuta maji tayari, Mama hajaogeshwa.

"Hujaanza, wifi?"

"Nianzeje? Peke yangu sifiki ndani ya mikunjo."

Binti akanawa mikono, akainua tumbo la mama yake. Bado alimwonea wifi yake wivu kwa mkono wake mwepesi. Ila leo aliutazama ili ajifunze.