Mwalimu Alisema Bibi wa Mbao Aachwe Mafurikoni

"Toka nje! Na usiiguse tena roboti yangu!"

Mwalimu alimsukuma mjukuu wangu nje ya ukumbi wa mashindano, akafunga mlango. Mbele ya macho yangu!

Jamani, mimi ni mpole, waulizeni majirani. Lakini siku ile damu ilinichemka!

"Umefanya nini, mama?" nikamuuliza mjukuu wangu.

"Bibi, nimebadilisha programu. Mwalimu anataka roboti imwache yule wa kona."

Ngojeni niwaeleze. Mada ya mwaka huu ilikuwa uokoaji wa mafuriko. Mezani kuna vitofali vya mbao, kila kimoja ni mtu aliyekwama juu ya paa. Roboti inawafuata, inawaleta mahali pakavu. Cha kona ya mbali kimechorwa bibi kizee. Ukimwacha, unamaliza mapema, unapata pointi za kasi.

Nikagonga mlango hadi akafungua.

"Mwalimu, kosa la mtoto ni lipi?"

"Mada ni mapambo tu! Vile ni vipande vya mbao!"

"Sasa mafuriko mliwaambia ya nini?"

"Shikamoo bibi. Naomba ukae pembeni."

Shikamoo ya kunifukuza nayo! Akatufungia tena.

Tukabaki tunachungulia kwenye kioo cha mlango, mtoto analia kimyakimya.

Filimbi ikalia. Wenzake watatu wa timu wakawasha roboti...

Ikawapita watu wa karibu. Ikawapita wote! Ikaenda moja kwa moja konani, ikambeba bibi!

Mwalimu akashika kichwa.

"Niliwaagiza mrudishe programu yangu! Nani hakurudisha?!"

Watoto macho mezani tu.

Roboti ikarudi kwa wengine, mmoja mmoja. Wote wakafika pakavu. Ila kombe likaenda kwa timu iliyomwacha bibi.

Mwalimu akatoka anafoka.

"Mmepoteza kombe kwa kipande cha mbao!"

Yule mfupi kati ya wale watatu akamjibu:

"Mwalimu, siku ya kwanza ulitusomea wewe mwenyewe... waokoeni wote."

Mjukuu wangu hakurudishwa kwenye timu. Basi wenzake nao wakaondoka! Wote wanne sasa wako sebuleni kwangu, wametandaza waya kwenye zulia. Mwalimu amebaki na roboti yake.

Walimu mnaonisoma, mkimpa mtoto mada, iaminini na nyie. Mtoto anaibeba moyoni, halafu nyie mnamwambia ni mapambo tu!

Hasira zangu? Bado ninazo.