Wageni Wanaokwenda Moshi

Naeku alikuwa na vyumba vitatu vya wageni nyumbani kwake Moshono. Kila asubuhi alivifagia, akatandika shuka safi na kufungua madirisha. Wageni wake walikuwa vijana kutoka Ulaya, wenye mabegi mgongoni na fedha kidogo. Walikaanga kahawa naye, kisha walipanda kuona maporomoko ya maji mlimani Meru.

Mwaka huu vyumba vilikaa vitupu.

"Wageni wapo, nawaona mjini," alimwambia mumewe, Lesian. "Kuna mtu anawageuza njiani."

"Nani?"

Naeku alishusha sauti. "Ndesanjo."

Ndesanjo alikuwa mume wa mdogo wake. Alikuwa dereva wa teksi, akipokea wageni uwanja wa ndege. Ukitoka pale, upande mmoja unakuja Arusha, upande mwingine unakwenda Moshi. Na kwao Ndesanjo ni Moshi.

"Mama Nalepo, chunga mdomo," alisema Lesian. "Huyo ni shemeji yako."

"Ndiyo maana anajua mambo yangu yote."

Tangu siku hiyo, Naeku hakuona jema kwa Ndesanjo. Akipiga honi, aliona anamcheka. Akiuliza, "Mna wageni?" aliona anapeleleza. Mdogo wake alipovaa kitenge kipya, Naeku alikitazama mpaka mwenzake akauliza kuna nini.

Asubuhi moja alimwomba Ndesanjo lifti. "Shemeji, nina rafiki anafanya kazi uwanja wa ndege. Nataka kumsalimia." Hakuwa na rafiki yeyote. Alitaka kumfumania.

Walipofika uwanjani, wasichana wawili wa Kizungu walitoka na mabegi yao. Naeku alisogea karibu, akatega sikio.

"Arusha au Moshi?" aliuliza Ndesanjo.

"Moshi."

"Arusha pia ni pazuri. Shemeji yangu ana vyumba. Ndiye huyu hapa."

Msichana mmoja alitafuta kwenye simu yake, akaiona ile nyumba.

"Tuliiona kabla ya kusafiri," alisema. "Bei yako ni ndogo kuliko ya Moshi. Lakini waliolala kwako wameandika kwamba ukifika, unalipia chai, maji ya moto, hata taulo. Kule Moshi bei ni moja, na kila kitu kimo. Samahani, mama. Hatuna fedha za kubahatisha."

Yote yalikuwa kweli. Naeku alikuwa ameshusha bei ili awashinde watu wa Moshi, kisha akatafuta faida kwenye taulo.

Waliwafikisha wasichana Moshi. Kisha wakaanza safari ya kurudi.

"Shemeji, ulikuja kunichunguza," alisema Ndesanjo.

"Ndiyo. Nisamehe."

"Ungeniuliza tu." Aliendesha kidogo, bado amenuna. Kisha akasema, "Mgeni mwenye fedha kidogo ana wasiwasi. Kabla ya kupanda ndege analinganisha Arusha, Moshi, hata Kenya. Anajumlisha gharama zote. Tena anasoma waliotangulia wamesema nini."

"Basi nishushe bei tena?"

"Hapana! Utapata hasara. Andika bei kamili. Taja kilichomo, taja na kisichomo. Halafu waambie una nini. Kule kila mtu anauza Kilimanjaro. Wewe una Meru mlangoni."

Naeku na binti yake, Nalepo, waliandika upya tangazo lao mtandaoni. Bei ilipanda. Ndani yake kulikuwa na kifungua kinywa, maji ya moto, taulo na kukaanga kahawa. Malipo ya kiongozi wa mlimani hayakuwemo, na hilo walilitaja wazi. Waliolalamika mtandaoni waliwajibu: "Ni kweli, tulikosea. Tumebadilisha."

Wiki tatu zilipita bila mgeni. Naeku alianza tena kumshuku Ndesanjo na ushauri wake. Lakini safari hii alinyamaza.

Wiki ya nne alikuja mzee mmoja na mkewe. Wakaja wengine wawili, kisha wanafunzi wanne. Kufikia Agosti, vyumba vyote vilikuwa na watu.

Lakini Naeku alizidi kumkumbuka yule mzee wa kwanza, ambaye siku ya kuondoka alitoa pochi.

"Kwa chai, shilingi ngapi?"

"Umeshalipa, baba."

Mzee alimkazia macho. "Na maji ya moto?"

"Umeshalipa."

"Taulo je?"

"Hiyo nayo umeshalipa."

Mzee alimwangalia mkewe, akarudisha pochi mfukoni, akashusha begi mgongoni. "Basi," alisema, "tutalala siku mbili zaidi."