Maandishi Chini ya Kicheko cha Mama

Ujumbe uliingia tukiwa tumeshakaa, taa za ukumbi zikianza kufifia.

"Mwambie mama yako asiogope. Nyuma ya jukwaa tumemwekea mshauri, kama atahitaji kulia."

Aliyeandika ni mwenyeji wetu, yule mwandaaji wa wiki ya filamu aliyetupokea uwanja wa ndege. Nikausoma mara mbili. Kulia? Mama yangu ni fundi cherehani anayecheka hadi wateja wanasahau kudai nguo zao. Alikaa kando yangu, amevaa gauni alilojishonea mwenyewe, akijipepea kwa karatasi ya ratiba.

— Nani huyo?

— Mwenyeji, mama. Anakusalimu.

Upande wa pili alikaa mchumba wangu, mwongozaji wa filamu. Tunamwita Mzalendo, maana hata akikohoa anakohoa kwa niaba ya taifa. Filamu yake ndiyo iliyochaguliwa kutuwakilisha ugenini: watu wetu, mama akiwemo, kazi zao, mazungumzo yao. Maandishi yote ya chini ya picha niliyatafsiri mimi. Harusi yetu ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Nikamwonyesha simu.

— Hii maana yake nini?

— Aa, hawa wana mambo mengi. Tazama filamu, mpenzi.

Hakunitazama usoni. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Dakika ya arobaini mama akatokea kwenye skrini. Kipande hicho nakijua kwa moyo. Anasimulia siku marehemu baba alipotaka kumsaidia kushona, akaishona suruali aliyoivaa ikaungana na shuka la mteja, akatoka mbio mtaani shuka likimfuata nyuma. Mama anacheka mpaka anajifunika uso kwa kitambaa, mabega yanatikisika.

Kitini pake, mama naye akaangua kicheko.

Alicheka peke yake. Watu mia nne walikuwa kimya. Mbele yetu mwanamke mmoja alijifuta machozi, akageuka, akamwangalia mama kama anayemwangalia mgonjwa mahututi. Nikainua macho, nikasoma maandishi. Hayakuwa yangu.

"Alinipiga. Nikakimbilia mtaani na shuka tu mwilini. Hadi leo nalia."

Nikamgeukia Mzalendo.

— Umefanya nini wewe?

— Punguza sauti.

— Baba yangu hakuwahi kumnyanyulia mama mkono!

— Najua. Lakini huku hawaji kutuona tukicheka. Waliirudisha filamu mara mbili. Mara mbili! Nikabadilisha kipande kimoja tu, wakaipokea. Wakishatujua, nitawaletea ile yenyewe.

— Na jina la baba?

— Marehemu hasomi, mpenzi.

Mama akanivuta mkono.

— Mbona hawacheki? Au sikusimulia vizuri?

Swali hilo liliniuma kuliko yote ya siku ile.

Taa zikawaka, tukaitwa jukwaani wote watatu, mimi nikiwa mkalimani. Mzee mmoja mwenye miwani akasimama kwa heshima zote, akamuuliza mama swali.

— Anasemaje? mama akaniuliza.

Ningeweza kumdanganya, na harusi yangu ingebaki salama.

— Anauliza ulimsameheje baba kwa kukupiga.

— Nani alimpiga nani?

— Wameandikiwa hivyo, mama. Pale unapocheka.

Mama akamgeukia Mzalendo. Alimwangalia muda mrefu, kijana aliyekula kwake miaka mitatu, aliyepimwa naye suti ya harusi.

— Waambie mume wangu hakunigusa hata kwa ukucha. Waambie nilikuwa nacheka.

Nikawaambia, neno kwa neno. Ukumbi ukanung'unika. Nikamsikia yule mwanamke wa machozi akimnong'oneza jirani yake: "Maskini. Bado anamwogopa."

Nikamsogezea Mzalendo kipaza sauti.

— Wewe watakuamini. Sema ukweli turudi nyumbani tuoane. Nakupenda, mwenzangu. Sema tu.

Alikipokea. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, nikadhani utu umemrudia. Akazungumza kwa lugha yao, taratibu:

"Tumpe mama muda. Kuna majeraha ambayo mtu hawezi kuyataja mbele za watu."

— Kasema nini? mama akauliza.

— Kasema una majeraha, mama. Kasema unaona aibu kuyataja.

Mama hakufoka. Akanishika mkono, akanivua pete mwenyewe, polepole, kama anayefumua mshono uliokosewa. Akaiweka mezani mbele ya Mzalendo.

— Mama, nisikilize... Mzalendo akaanza.

— Hilo la mama lilikwisha. Wewe niite fundi.

Kisha akanigeukia.

— Baba yako hasemwi hivyo nikiwa nimekaa. Twende.

Tukaanza kushuka ngazi. Ndipo ukumbi mzima ukasimama na kutupigia makofi. Mwenyeji wetu alikuwa mbele, ameshika kifua, analia.

— Wanashangilia nini hawa?

— Wanatuonea huruma, mama.

— Waambie waache.

Nikarudi kwenye kipaza sauti, nikawaambia kwa lugha yao, wazi kabisa: mama yangu anawaomba muache.

Wakazidisha.