Vipandikizi Vilivyopandwa Kichwa Chini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rayna alimwagilia sanduku la mchanga lililokuwa dirishani. Ndani yake vilisimama vipandikizi vya mzabibu wa marehemu babu yake. Mzabibu wenyewe uling'olewa ukuta wa ua ulipobomolewa, kwa hiyo hivyo ndivyo vilivyobaki.

Siku moja darasani, Mwalimu Nedko alieleza kwamba kuna homoni inayotengenezwa kwenye machipukizi. Homoni hiyo hushuka hadi ncha ya chini ya kipandikizi, na huko ndiko mizizi inakoota.

"Na ukikipanda kichwa chini, mwalimu?" aliuliza Kamen.

"Utangoja sana, tena pengine bure."

Darasa likacheka, lakini Rayna moyo ulimlipuka. Siku ya Mtakatifu Trifon, sikukuu ya wakulima wa mizabibu, watu wazima walipokuwa wakiimwagia divai mizabibu waliyoipogoa, yeye ndiye aliyekata vipandikizi. Desturi ni kukata mshazari upande wa chini na kukata wa juu bila mshazari, ili mpandaji asikosee. Ngoma zilikuwa zikimwita uwanjani, naye akakata kote mshazari, akapanda alivyobahatisha.

Aliporudi nyumbani alichomoa kimoja. Vichipukizi vyake vilielekea chini. Akachomoa cha pili, hali ile ile. Mama angemfanya nini? Alifikiria kuvirudisha na kusingizia baridi, lakini akabaki amevishika tu mkononi.

"We Rayna, mbona umeganda hapo kama nguzo?" mama yake, Yordanka, aliuliza kutoka mlangoni.

"Mama... nimeviua vya babu!" Akaeleza yote huku akilia.

Mama akakwaruza ganda la kimoja kwa kisu, akaona ukijani; bado kilikuwa hai.

"Futa makamasi, ulete ule unga wa kuotesha mizizi. Kidogo tu, ukizidi unaunguza."

Wakakata ncha upya, wakazichovya kwenye unga, wakavipanda sawasawa. Vilivyooza wakavitupa. Majuma yaliyofuata Rayna aliamka na woga kila siku, mpaka mama alipofukua mchanga taratibu. Vichache vilikuwa vimetoa mizizi myeupe. Rayna akalia tena, safari hii kwa furaha.

"Ulifanya kazi huku roho iko ngomani, mwanangu," mama alisema. "Lakini ulisema kweli mapema. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ungenyamaza, leo tungekuwa tunamwagilia kuni."