Suruali ya Nguzo

Walikutana kwenye ngazi za kituo cha treni, saa ambayo kila mtu ana haraka zake. Fundi cherehani, gauni la njano mwilini na jora la kitambaa begani, alisukumwa na umati akamvaa kijana wa fulana nyeupe. Kijana alishusha kiuno, akapanua miguu, wala hakuyumba.

"Wewe kaka ni nguzo?"

"Nguzo haibebei warembo mizigo. Lete jora hilo."

Jina likamganda. Alikuwa mcheza mieleka, na sifa yake ilikuwa haangushwi: ukimfuata miguu anaitupa nyuma na kukulalia mgongoni, ukimwingilia kiunoni anakuwa mzito kama gunia lililolowa. Alimfundisha fundi mieleka, na mapenzi yakaja yenyewe. Fundi alimshonea suruali ya mazoezi kwa uzi mwekundu.

"Niangukie basi, mpenzi, mara moja tu," alimbembeleza.

"Nikikuangukia kwa huruma nimekutukana. Niangushe kweli."

Siku ya mchujo wa timu, mwalimu alimpanga fundi na Nguzo. Fundi alimkamata mkono, akageuka, akamtia kiunoni ili amtupe. Nguzo akakita mguu wa kushoto ili azuie. Akaenda chini mzima mzima.

"Mapenzi hayo!" mtu akapiga kelele, na ukumbi wote ukaangua kicheko.

Fundi aliona aibu hadi masikio yakamwaka. "Umejiangusha?"

Nguzo aliutazama mkeka, jasho likimtoka. "Ndiyo. Nimejiangusha."

"Mbele ya watu! Usinipigie simu tena."

Alipiga simu mara tisa. Fundi hakupokea, na mkekani hakurudi.

Miezi miwili baadaye mwanamke mmoja aliingia dukani kwa fundi na mfuko.

"Dada, nipanulie suruali hii mguu wa kushoto. Nimeona lebo yako kiunoni. Kaka yangu anavaa chuma cha goti."

Fundi akauona uzi mwekundu. "Aliumia lini?"

"Siku ya mchujo. Alikita mguu, mwili ukageuka. Daktari kasema mieleka basi. Na aliyemwangusha hajui. Kaka katukataza tusimwambie."

Fundi aliishona suruali ile huku akilia, kisha akaipeleka mwenyewe. Nguzo alikuwa ameketi kitandani, mkongojo pembeni.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Ungejua umenivunja, usingemkamata mtu tena. Nikasema bora unikasirikie."

"Nimeacha mieleka."

Nguzo alifumba macho. Maneno hayo yalimuuma kuliko goti. "Basi goti langu limekwenda bure."

"Nioe," fundi akasema. "Nitakutunza."

"Hiyo ni huruma, mpenzi."

"Si huruma! Nakupenda!"

"Najua. Lakini leo unaliona goti, mimi hunioni. Rudi mkekani. Siku utakayomwangusha mtu bila kunikumbuka, njoo uniulize tena. Nitakubali kabla hujamaliza."

Alimbusu kiganja, akamwachia.

Kesho yake fundi aliingia ukumbini na nguo zake za mazoezi. Wenzake walimpigia makofi. Alipewa msichana mrefu, mbishi, asiyependa kuanguka. Wakavutana. Nafasi ikapatikana, fundi akageuka na kumtia kiunoni, safi kabisa, vile vile alivyofundishwa.

Msichana akakita mguu wa kushoto.

Fundi akamwachia.