Rangi Iliyojikunja Juu ya Boneti

Mama mshonaji, ambaye kibanda chake kinatazamana na duka la rangi, anaapa aliona kwa macho yake mwenyewe: muuza rangi alimmwagia fundi wa gereji tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, kifuani, na fundi akaondoka analia. Amewasimulia wateja wake wote, na kila akisimulia, tina inaongezeka. Sasa imefika ndoo.

Haikuwa hivyo.

Wawili hao walikutana kwa mara ya kwanza dukani humohumo, mwisho wa mwezi, watu wamejaa hadi mlangoni wakigombea misumari. Fundi alikuwa na ovaroli ya bluu iliyopauka magotini. Muuza rangi, kilemba cha kijani kikiwa na doa jeupe juu ya sikio, alikuwa amesimama tangu asubuhi na miguu inamwaka.

"Dada, nataka nyekundu ya trekta."

"Mwanzoni lilipakwa nini?"

"Rangi."

Muuza rangi akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kaka, hilo hata mimi nalijua. Ya mafuta, au ya magari, ya kupuliza? Hizo mbili hazikai pamoja. Ya magari ina tina kali, inaifumua ya chini yake. Chovya kitambaa kwenye tina, sugua mahali pamoja. Rangi ikilainika, kwangua mpaka chuma."

"Sawa, mwalimu. Nipe ya kupuliza."

Kesho yake fundi alirudi kununua msasa. Keshokutwa alirudi bila kununua kitu. Ikawa "Bwana Trekta" na "Mama Tina", simu asubuhi, simu jioni. Trekta lilikuwa la marehemu baba yake fundi, na akilitengeneza atalikodisha kwa wakulima. "Siku litakapong'aa," alisema, "nitalipanda mpaka kwa baba yako, nijitambulishe kama mtu mwenye kazi."

Maneno yalikuwa matamu. Halafu pampu ikafa. Halafu gia. Halafu mvua. Mara tatu muuza rangi aliwaambia wazazi wake kuna mgeni, na mara tatu mama yake aliosha vikombe vya wageni, akavirudisha kabatini bila mgeni kufika. 

Wiki iliyopita, hatimaye, fundi alipuliza rangi. Hata saa moja haikupita, akapiga simu.

"Njoo uone rangi yako!"

"Imefanyaje, mpenzi?"

"Imejikunja! Boneti nzima imekuwa kama utando wa maziwa. Umeniuzia kitu kibovu."

"Ulisugua kwa kitambaa?"

"Ile ya chini ni ya kiwandani, haina haja ya kujaribiwa. Baba hakuwahi kulipaka rangi trekta hilo."

"Nimekuuliza, ulisugua?"

"Usinihoji kama mtoto." Akakata.

Kesho yake asubuhi fundi akaingia dukani na kifuniko cha betri ya trekta, akasema mbele ya wateja kwamba ametapeliwa. Muuza rangi hakubishana. Alikipindua kifuniko, upande ambao rangi mpya haikufika, akamimina tina kwenye kitambaa, na kwa haraka hiyo matone yakamrukia fundi shatini na jichoni. Akasugua. Nyekundu ikaja yote kitambaani, na chini yake ikatokea rangi ya chungwa, ile ya kiwandani. Ndani ya ile nyekundu ulikuwa umeganda unywele mmoja.

"Wa brashi," alisema. "Kiwandani hawapaki kwa brashi."

Fundi akautazama unywele, akafuta jicho, akatoka. Hayo ndiyo machozi anayoyasimulia mama mshonaji.

Nyumbani fundi akamuuliza mama yake kama baba aliwahi kulipaka trekta rangi.

"Alilipaka, ndiyo," mama akajibu, "wewe ukiwa bado mgongoni kwangu. Kopo lilelile la mlango wetu, si unauona?"

Fundi akageuka. Mlango ulikuwa mwekundu. Alikuwa ameufungua na kuufunga maisha yake yote.

Jumapili muuza rangi alimkuta uani nyuma ya gereji yake, anakwangua. Nusu ya boneti ilikuwa chuma kitupu. Hakuwa amenyoa.

"Nilikuaibisha mbele ya watu," fundi alisema. "Nisamehe. Mama amesema baba alilipaka mwenyewe, kwa kopo la mlango wetu mwekundu."

"Sogea." Akakunja mikono ya gauni, akachukua kisu cha pili.

Wakakwangua muda mrefu. Rangi ya baba ilitoka kwa vipande vyembamba, ikawajaa nywelani.

"Yaani unaringa hata ukiwa na kutu puani," fundi akamtania.

"Na wewe unafanana na mlango wenu."

Wakacheka, lakini kilikuwa kicheko cha wachovu, kikaisha mapema.

"Wiki nne tu," fundi akasema. "Nikwangue lote, nipake praima, ile rangi ya kwanza ya chini, halafu ya mafuta, kama alivyofanya baba. Lipendeze. Halafu nitakuja."

Muuza rangi akaweka kisu chini.

"Baba yangu hajawahi kuuliza habari za trekta. Anauliza habari za mtu." Akajifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja. "Njoo Jumapili ijayo. Kwa miguu, na ovaroli hiyohiyo. Mama ataosha vikombe mara hii tu, hatarudia."

Kisu cha fundi kilisimama pale chuma kinapokutana na nyekundu. Akaitazama ile nusu iliyobaki, kisha akautazama mkono wa muuza rangi juu ya boneti, na chembe za rangi ya baba yake kwenye kucha. Akakilaza kisu chake kando ya kisu cha muuza rangi, akasema, "Kwa miguu."