Maji ya Kileleni

Saa nne na dakika tano asubuhi, tarehe nane Agosti, bajaji iliwashusha watu wanne chini ya kilima cha mawe karibu na Dutwa. Jua lilikuwa kali tayari. Hapakuwa na wingu.

Walikuwa familia moja ya Bariadi mjini. Baba, Mahona, hupima pamba kwenye ghala. Mama, Felisita, ni fundi cherehani. Joyness alikuwa na miaka tisa. Mdogo wake, Ngassa, alikuwa na miaka minne. Mahona alikuwa amewaahidi watoto kwamba Nane Nane hii watapanda kilima alichochungia ng'ombe utotoni.

Walikuwa wamepanga kuondoka saa kumi na mbili alfajiri. Felisita alichelewa kumalizia gauni la mteja.

Katika begi walibeba michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Walibeba soda mbili na chupa moja ya maji ya lita moja na nusu.

"Maji haya ni ya kileleni," Mahona alisema. "Mchunga ng'ombe hanywi njiani. Ukinywa, miguu inalegea."

"Lakini baba, sisi hatuchungi," Joyness alisema. "Tunatembea tu."

"Sikia huyu! Wewe ni Msukuma au ni mtalii?"

"Mtalii hubeba maji mengi," Joyness alijibu.

Felisita alicheka. Mahona pia alicheka. Kisha akaifunga chupa ndani ya begi.

Ngassa alitangulia. Aliruka kutoka jiwe moja hadi jingine huku akitafuna michembe. Michembe ni mikavu, nayo huleta kiu. Saa tano kasoro dakika kumi alisimama.

"Baba, maji."

"Dume zima linalilia maji? Twende. Juu kuna soda."

Ngassa alitaka kuitwa dume. Hakuomba tena.

Saa tano na nusu Joyness alimvuta mama yake nguo.

"Mama, Ngassa haongei."

"Amechoka."

"Na hajakojoa tangu tumefika."

"Kumbe siku hizi unahesabu mikojo ya wenzio!"

Wazazi walicheka tena. Kilele kilikuwa kinaonekana. Mahona alisema zimebaki dakika ishirini.

Saa sita kasoro dakika kumi Ngassa alianguka. Alitapika. Felisita alipomwinua, mtoto alimtazama mama yake akamwita kwa jina la dada yake, Joyness. Ngozi yake ilikuwa ya moto sana.

"Ni malaria," Felisita alisema. "Baba Joyness, mtoto ana homa!"

Alimfunika kwa vitenge viwili. Mahona alifungua chupa akammiminia maji mdomoni. Ngassa alikohoa, maji yakatoka puani. Felisita akamfunga mgongoni, bado amefunikwa, wakaanza kushuka. Walitumia dakika arobaini na tano juani.

Chini ya kilima anaishi Flora, mhudumu wa afya ya jamii. Alikuwa uani akipepeta choroko.

"Mwadila, mayu," Felisita alianza kumsalimu mama huyo kwa Kisukuma, "tuna mgon..."

"Mfungue!" Flora alisema. "Mlete kivulini. Mvue nguo zote."

"Lakini ana malaria, dada."

"Malaria itapimwa hospitali. Huyu ametoka juani, mwili umechemka. Ukimfunika, joto halitoki."

Flora alimimina maji ya ndoo kwenye kichwa, shingo, kwapa na miguu ya Ngassa. Alimpa Joyness ungo.

"Pepea, mwanangu. Usiache. Na wewe ngosha," alimgeukia Mahona, "piga simu, gari lije."

"Nimpe maji kidogo?" Mahona aliuliza.

"Hapana. Hajielewi. Yataingia kwenye mapafu. Mwagia mwili tu, hata ndani ya gari, mpaka mfike."

Gari lilifika baada ya dakika kumi na tano. Hospitalini Ngassa alipimwa malaria. Hakuwa nayo. Daktari alisema joto la mwili lilikuwa limepanda kupita kiasi na kuugusa ubongo. Kwa siku mbili Ngassa hakuzinduka. Siku ya tatu alifumbua macho. Alilazwa siku kumi na moja.

Aliporuhusiwa aliweza kutembea, lakini alipepesuka. Maneno yake yalitoka polepole, yakiburutwa. Daktari hakuahidi kwamba yatarudi yote kama zamani.

Mwezi Septemba Mahona na Felisita walikwenda kumshukuru Flora. Mahona hakugusa chai.

"Nilichunga pale tangu nina miaka kumi," alisema. "Sikuwahi kubeba chupa. Sielewi."

"Mlipeleka ng'ombe saa ngapi?" Flora aliuliza.

"Alfajiri."

"Na saa sita mchana mlikuwa wapi?"

Mahona alitazama kilima.

"Tulikuwa lamboni," alisema. "Tunanywesha ng'ombe."

"Na nyie?"

"Tulikunywa. Tulioga. Tulilala kivulini hadi saa tisa, saa kumi." Aliinamisha kichwa. "Nilimpa mwanangu kiu yetu. Lambo nililisahau."

"Joyness aliniambia," Felisita alisema. "Nikamcheka. Mkojo, mayu, alinitajia mpaka mkojo."

"Aliona sawasawa," Flora alisema. "Mtoto mdogo hupata joto upesi kuliko sisi. Akiacha kucheza, akiacha kuongea, midomo ikikauka, mkojo ukikosekana au ukiwa mweusi kama chai, safari imekwisha. Mpeleke kivulini, mpe maji kidogo kidogo, mpoze, mrudi. Msingoje achanganyikiwe. Akichanganyikiwa au akizimia, hiyo ni hatari ya kifo. Mpoze kwa maji mara moja na mkimbize hospitali."

"Na maji njiani?"

"Kila robo saa, nusu kikombe, hata asipoomba. Kila mtu na chupa yake. Kuanzia saa nne hadi saa kumi, msiwe juani na watoto. Kofia, nguo nyepesi. Na anayeamua kurudi ni mdogo kuliko wote."

"Tungejua," Felisita alisema.

Flora alimmiminia chai nyingine.

Nane Nane iliyofuata ilipokaribia, Joyness ndiye aliyeomba waende tena. Felisita alikataa kwa wiki mbili. Kisha alikubali kwa masharti ya Flora. Magauni ya wateja aliyamaliza siku mbili kabla.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi walianza kupanda. Walibeba chupa nne na maji ya akiba, lita tano. Joyness alishika simu, akitazama saa. Kila robo saa alisema, "Chupa!" na wote walikunywa. Mahona alikunywa kwanza, ili Ngassa amwone.

Ngassa alitembea ameshika mkono wa baba yake. Walipumzika mara tatu. Alikojoa mara moja.

Saa mbili na dakika ishirini kilele kilikuwa karibu, mawe machache tu juu yao. Ngassa alisimama.

"Ba-ba," alisema. "Tu... rudi."

"Umechoka? Unaumwa?" Felisita aliuliza haraka.

"Si-taki... tena."

Joyness alitazama juu. Kisha alimtazama baba yake.

Mahona hakuuliza sababu. Walikunywa maji, wakageuka, wakashuka. Saa tatu na nusu walikuwa chini, wote wanne kwa miguu yao.